Kidonge Kilichokaa Barazani

Usiku wa jana niliota kidonge changu cha zinki kimekaa barazani, kimekunja miguu, kinasubiri kukaribishwa.

"Hodi umeshapiga?" nikakiuliza.

"Tangu asubuhi, mama. Ndani hakuna mtu."

Niseme kwanza nililala na nini moyoni. Mimi ndiye mpishi wa pilau wa mtaa wetu, na leo kuna harusi kwa jirani. Lakini tangu Maulidi ulimi wangu hauonji. Chumvi na mchanga kwangu vimekuwa kitu kimoja, na sijamwambia mtu yeyote mtaani. Nesi wa zahanati aliniambia wanawake wa umri wangu, hedhi inapoanza kuyumba, wengine hupungukiwa na zinki, na mimi ni mmojawapo. Akanipa vidonge, nimeze baada ya chakula.

Mimi nikavimeza kama kombe. Mwalimu akikuandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, unalinywa asubuhi, tumbo tupu, ndivyo tulivyolelewa. Nikaona dawa ni dawa. Nikawa nachefuka kila siku, mpaka jana nikavitupa juu ya kabati nisivione tena.

"Mimi niliambiwa nije nyuma ya chakula," kidonge kinasema. "Kila siku naingia, chakula hakijafika. Mgeni anakaaje nyumba isiyo na mwenyeji? Nakaa kidogo tu, natoka."

Kabla sijajibu, tuko juu ya paa la nyumba yangu. Bati linanisalimu.

"Asalaam aleikum, mke wa Sefu."

"Waaleikum salaam."

"Huyu ni mdogo wangu. Mimi zinki nimepakwa nje, yeye anakwenda ndani. Marehemu mumeo alinipigilia mwenyewe, akasema hili halitashika kutu. Nimeshika?"

"Hujashika."

"Basi usinitupie mdogo wangu kabatini."

Nikaona haya. Nikasema nitameza viwili viwili nifidie, kama ninavyolipa siku zangu za Ramadhani. Kusikia hivyo, birika langu la shaba likaanza kufunga virago.

"Unakwenda wapi?"

"Hawa wa zinki wakiingia wengi mwilini, sisi wa shaba tunahama," likanijibu.

"Kimoja kwa siku," kidonge kinasema. "Fuata alivyokwambia nesi."

Birika likafungua virago, likarudi mahali pake.

Sasa paa ni jiko. Chumvi inatoa kichwa koponi.

"Jana kwenye maharage ulinitia, ukasahau, ukanitia tena."

"Mbona wifi yangu Mwanaidi alikula akanyamaza?"

"Amekula na maji. Anakuonea huruma. Wewe tu ndiye hujui."

Nikakaa chini kwenye mkeka. Kidonge hakikunicheka. Kikasema, "Jipakulie wewe kwanza. Mimi nitafuata." Nikala mpaka nikashiba, nacho kikavua kofia, kikaingia taratibu kama mkwe. Tumbo likatulia. Hakuna aliyefukuzwa.

Adhana ya alfajiri ikaniamsha. Nikaswali, nikapasha maharage ya jana, nikaonja kijiko kimoja.

Chumvi. Nyingi, ya kukunja uso.

Nikaonja tena, nisije nikawa najidanganya. Ni chumvi.

Nikaenda chumbani kwa Mwanaidi. Amelala fofofo. Kando ya kitanda chake lipo jagi la maji nililolijaza jana kwa mkono wangu mwenyewe. Limekauka, halina hata tone.

"Wifi," nikamwamsha. "Maharage yalizidi chumvi."

Akafumbua jicho moja. "Nani kakwambia?"

"Nimeonja."

Akakaa kitandani, akanitazama sana. "Unaonja?"

"Naonja."

"Alhamdulillahi," akasema, akajilaza tena. "Maana nilishaficha ndoo mbili za maji nyuma ya jiko la harusi."

Nikamwacha acheke ndani ya shuka. Nikala chapati nzima, polepole, kisha nikapanda kigoda, nikakishusha kidonge kutoka juu ya kabati.

"Karibu," nikakiambia. "Mwenyeji yupo."