Vumbi Kwenye Sufuria ya Dengu

Kila televisheni ilipoirudia ile filamu ya nyumba, Mwalimu Wagdi alishuka kwetu amevaa kandambili, na baba alianza kubishana naye kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Sisi tulikaa ghorofa ya tatu, yeye peke yake ya nne, ya juu kabisa. Televisheni yake iliharibika mwaka aliofiwa na mkewe na hakuipeleka kwa fundi. Alisema ya kwetu ina picha nzuri. Haikuwa na picha nzuri. Alichokifuata ni baba.

Filamu yenyewe hapa Kairo kila mtu anaisifu, hata ambaye hajaiona. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ilipigwa ndani ya nyumba ya kweli na watu waliokuwa wakiishi humo. Kuna fundi viatu, mkewe na watoto wao, wote chumba kimoja, na nyumba inapasuka kidogo kidogo mpaka inawaangukia. Kipande kinachosifiwa ni pale wanapokula dengu. Dari linamwaga vumbi ndani ya sufuria. Yule baba analikomba kwa kijiko, analimwaga pembeni, na wote wanaendelea kula. Hakuna muziki wala anayesema neno.

"Kwa kijiko kile tu," Mwalimu Wagdi alisema Ijumaa hiyo, hata hajakaa vizuri, "mimi nitamheshimu aliyeipiga filamu hii mpaka naingia kaburini."

"Basi utaingia kaburini na uongo mkononi," baba akamjibu.

Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na kitanda cha bibi, namenya vitunguu saumu, lakini macho yangu yalikuwa ukutani. Tangu lile tetemeko la ardhi, ukuta wetu wa upande wa ngazi ulikuwa na ufa kutoka darini hadi karibu na mlango. Baba, kama watu wengi walivyofanya, alikuwa amebandika plasta nyeupe ya jasi juu ya ufa, kipande cha upana wa kiganja, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu. Plasta ikibaki nzima, nyumba imetulia. Ikipasuka, nyumba inatembea.

Asubuhi ile nilikuta imepasuka.

Nilimwambia baba alipokuwa ananyoa. Alikuja na povu kidevuni, akapitisha kidole kwenye mpasuko, akasema ni unyevu. Halafu akasema, au Haji Sorur amemtuma mtu kuugonga ukuta kutoka ngazini.

Sikushangaa kumsikia akimtaja Haji Sorur. Nyumba ni yake, na sisi ni wapangaji wa zamani, wa kodi ya zamani ambayo sheria haimruhusu kuipandisha wala kutufukuza. Njia yake ni moja tu, sisi wenyewe tutoke. Majira ya baridi yaliyopita watu walipita wakipiga kelele kwenye ngazi kwamba nyumba inaanguka. Familia ya ghorofa ya chini ilikimbia na watoto ikalala kwa ndugu zao. Waliporudi walikuta kufuli jipya, na vyombo vyao viko barabarani vimelowa mvua. Nyumba haikuwa imeanguka. Kuanzia siku hiyo baba aliapa kwamba yeye atatoka hapa akiwa amebebwa, na kila mtu mtaani alimsikia akiapa.

Kwa hiyo nilimenya vitunguu saumu na kuangalia ukuta. Mimi shule niliishia darasa la sita, bibi alipopooza, kwa sababu lazima mtu abaki naye. Miaka yote hiyo ndani ya chumba kimoja inakufundisha kuujua ukuta. Mpasuko wa asubuhi ulikuwa kama uzi. Sasa ungeweza kuingiza ukucha.

"Uongo uko wapi?" Mwalimu Wagdi aliuliza. "Nionyeshe."

"Pale pale kwenye kijiko. Mwanaume anaona dari linamwagikia chakula cha watoto wake, halafu anakula? Ng'ombe hali hivyo! Huyo bwana mwenye kamera alikuwa na dereva, mwalimu. Kila jioni dereva alimrudisha kwao ng'ambo ya mto akaoge, akawaambia wenzake: maskini nimewaona, wamenyamaza kama kondoo. Wenzake wakalia, wakampa zawadi."

"Ulitaka alale kwako?"

"Nilitaka aulize! Agonge mlango aulize, jamani, dari likimwaga vumbi mnafanyaje? Tungemwambia, tunakimbia, mpumbavu wewe."

"Mnakimbilia wapi?"

"Nje."

"Halafu?"

Baba akatia mbegu za maboga mdomoni, akazipasua kwa hasira.

"Halafu, Shauki? Hiyo 'halafu' ndiyo filamu yenyewe. Hajanyamaza kwa sababu ni kondoo. Amenyamaza kwa sababu amekwisha kupiga hesabu, na hana pa kwenda."

"Wewe umezoea watoto wa shule wasioweza kukujibu."

"Na wewe umezoea makochi unayoyatengeneza. Makochi nayo hayajibu."

Bibi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alipenda walipogombana. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu. Nyuma ya ukuta, ndani kabisa, kulikuwa na sauti kama mtu anamimina mchele kutoka gunia. Ilimimina, ikanyamaza, ikamimina tena.

"Baba," nikasema.

"Tengeneza chai, Insaf."

"Baba, kuna kitu kinamiminika ukutani."

"Panya," akasema, bila kunitazama. Lakini aliacha kutafuna.

Nikaenda kuweka maji. Kiberiti kilizima mara ya kwanza, nikawasha kingine. Pale jikoni, ambapo ni kona tu yenye pazia, nilijaribu kufikiri. Bibi hawezi kutembea. Ngazi ni nyembamba na upande mmoja hazina pa kushika. Nikipiga kelele, majirani watasema Haji Sorur amemnunua hata binti ya Shauki, na baba hatanisamehe. Nisipopiga kelele... hapo sikumaliza. Nilitia sukari kwenye glasi, na vijiko vya mwalimu nikavihesabu vibaya, nikarudia.

Niliporudi na sinia, kwenye televisheni yule mke alikuwa anapanga sahani chini. Kipande chenyewe kilikuwa kinakaribia. Mwalimu Wagdi alisogea mbele ya kiti, akapokea glasi yake bila kuiangalia, akaiweka na sahani yake mezani karibu na ukuta.

"Tazama mikono ya huyo mama," alisema taratibu. "Huyo si mwigizaji. Tazama anavyoupima mkate."

"Mikono naikubali," baba alisema. "Ugomvi wangu ni na kijiko."

Na hapo ndipo nilipoona. Kutoka kwenye ufa, juu ya plasta, mchanga ulitoka kama unavyotoka kwenye mfuko uliotoboka, mwembamba, bila sauti, ukaanguka moja kwa moja kwenye glasi ya mwalimu. Kwenye televisheni vumbi lilikuwa linaanguka kwenye dengu.  Bibi naye aliona. Mkono wake ulio mzima ukanishika nguo.

Mwalimu Wagdi alinyoosha mkono, macho yake yako kwenye picha. Alichukua kijiko. Alilikomba lile vumbi lililoelea juu ya chai, akalimwaga kwenye sahani, akakoroga, akanywa.

Nilimgeukia baba. Baba hakuwa anaitazama filamu. Alikuwa anamtazama mwalimu. Sijawahi kuuona uso wa baba ukiwa vile, si kwenye msiba wa mama, si siku ya tetemeko. Damu yote ilikuwa imeondoka, hata midomoni.

"Mwalimu," akasema. "Unafanya nini?"

"Nakunywa chai. Nyamaza, ndiyo hapa."

"Wagdi. Angalia kijiko chako."

Mwalimu aliangalia kijiko. Aliangalia sahani, kisha juu, taratibu, akiufuata ufa mpaka darini. Glasi ilikuwa bado mkononi mwake.

"Yesu wangu," alisema.

"Iweke chini. Inuka pole pole. Insaf, fungua mlango."

Nilikimbilia mlango. Kitasa kilizunguka, mlango haukutoka. Nikavuta kwa mikono yote miwili, nikaweka mguu ukutani nikavuta. Fremu ilikuwa imeukaba juu kama meno.

"Haufunguki!"

"Ni unyevu," baba alisema, kisha akakisikia alichosema. Akachukua nyundo na patasi yake ya kazi. "Rudini nyuma."

"Usigonge kwa nguvu," mwalimu alinong'ona. Sote tulikuwa tunanong'ona, ila televisheni. "Shauki, kwa jina la Mungu, usigonge kwa nguvu."

"Nitagongaje, kwa mate?"

Aliitia patasi kwenye bawaba ya chini, akagonga. Mchanga ukamwagika nyuma ya ukuta, mwingi kuliko mwanzo. Tukasubiri. Akagonga tena. Kipande cha lipu kilianguka juu ya kitanda cha bibi, karibu na miguu yake asiyoihisi, na bibi akaanza kutamka shahada polepole, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja. Nilimfunika kichwa kwa mto nikamlalia. Nilisikia moyo wake, au wangu. Kila nyundo iliposhuka nilijiambia hii ndiyo ya mwisho, na sikujua namaanisha nyundo au nyumba.

Bawaba ya chini ikatoka, kisha ya juu. Baba na mwalimu waliukamata mlango wakaulaza kando kama unavyomlaza mgonjwa.

"Mama," baba alimwambia bibi, akichuchumaa mbele ya kitanda. "Nikumbatie shingoni."

"Haji Sorur atafunga," bibi alisema.

"Afunge."

Nilimsaidia kumpandisha mgongoni. Mwalimu alishatangulia ngazini. Nilidhani amekimbia, na sikumlaumu. Lakini alisimama kwenye kona ya kwanza, akarudi juu, mzee yule na kandambili zake, akaishika miguu ya bibi kutoka nyuma isiburuze. Walishuka hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma, na mimi mwisho nikigonga kila mlango kwa ngumi.

"Tokeni! Tokeni, nyumba!"

"Amekulipa ngapi?" mama Sabah alinifokea kutoka nyuma ya mlango wa ghorofa ya pili.

"Baba anatoka!" nikamwambia. "Amembeba bibi, anatoka!"

 Nikasikia komeo. Kama ningemwambia kuta, plasta, mchanga, asingefungua. Alifungua kwa sababu Shauki aliyeapa alikuwa anashuka. Alitoka na gauni la nyumbani na wanawe wawili, na nyuma yake wengine, bila hata kuuliza tena.

Huko nje jua lilikuwa bado kali. Tulimkalisha bibi kwenye kiti cha mkahawa. Watu wa mkahawa walisimama na karata zao mkononi, wakatutazama sisi, wakaitazama nyumba. Nyumba ilikuwa imesimama vile vile, nguo zetu zimeanikwa dirishani, na sauti ya filamu inasikika hadi chini.

"Haya, imeanguka?" mmoja aliuliza, na wenzake wakacheka kidogo.

Baba alisimama mikono iko nyuma kama bado amembeba mtu. Niliogopa kitu kingine sasa, kwamba atapanda tena. Nilimwona anaupima mlango wa kuingilia.

Mwalimu Wagdi naye alimwona. Alimkamata mkono wa shati.

"Nilikula mchanga," alimwambia, sauti yake inakatika. "Shauki, nimeisifu miaka yote, na leo nimefanya vile vile. Nilikuwa sijui kama nafanya."

"Ndiyo maana ni filamu mbaya."

"Ndiyo maana ni nzuri, bwana!"

"Inafundisha watu wakae!"

"Wewe imekutoa!"

Baba alifungua mdomo ajibu, na ngazi zikaanguka. Hapakuwa na kishindo kama nilivyokitarajia. Nyumba ilivuta pumzi ndani, madirisha yakajaa weupe, kisha mlango wa kuingilia ukalitapika vumbi lote barabarani, na sauti ya televisheni ikakatika katikati ya neno. Upande wa mbele ulibaki umesimama. Nyuma yake, palipokuwa na ngazi, paliingia mwanga wa mchana.

Watu walianza kuitana majina. Mama Sabah alikuwa anawashika wanawe vichwa, huyu, huyu, anarudia, huyu, huyu. Wote tuliokuwa nyumbani tulikuwa barabarani. Mwalimu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kandambili moja hana.

Baba alikuja tulipo. Hakuwa anaitazama nyumba. Alishika mgongo wa kiti cha bibi.

"Shika upande huo," aliniambia. "Tumsogeze."

Tulimsogeza mpaka ukuta wa mkahawa.

"Hapa panatosha, baba?"

Aliinua macho juu ya ukuta wa mkahawa, akaukagua.

"Bado," alisema. "Sogeza."

Tulimsogeza mpaka mkokoteni wa maharage, kisha tukaupita, kisha kona ya msikiti, na kila tulipokiweka kiti chini baba alitazama juu, akavuta pumzi, akasema sogeza tena.