Toleo Jipya, Mashine Kuukuu

Kompyuta ya Fundi ilikuwa na adabu moja: ikichoka ilisema. Ilianza kwa kuguna, kisha feni yake ikapandisha sauti mpaka mtu aliye jikoni akauliza nani anasaga nini. Mkewe alikwisha kuipa cheo. Aliiita mke mwenzangu, na chakula kikiwa tayari alisema, "Muage mke mwenzangu, uje kula." Fundi hakununa. Alikuwa na kompyuta hiyo kabla hajaoa, na ndiyo iliyotengeneza video za harusi zote zilizompa jina mtaani. Jina lenyewe ni hilo tu, Fundi. Watu waliacha zamani kumwita jingine.

Aliyeichukia hasa ni mama mkwe wake, mama asiyejua kumung'unya maneno. Siku alipomwoza kitindamimba wake alimgeukia Fundi mbele ya ukoo mzima. "Mkwe wangu, hii ndiyo harusi ya mwisho nyumbani kwangu. Ukiniletea video ya kukwamakwama kama ile ya kaka yake, kwa sababu ya kile kizee chako, picha zote nazipeleka studio kubwa, na wewe kuanzia siku hiyo utakuwa unanishikia mkoba."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, ila chake hakikufika mbali. Akajibu kwamba Jumapili inayofuata video itakuwa hapo sebuleni, safi kabisa, na itatoka kwenye kizee hichohicho. Mwenye busara angenyamaza. Lakini tangu aoe, Fundi hakuwahi kumwachia mama huyu neno la mwisho, na mara nyingi alijuta. Miaka yote hiyo alikuwa anatafuta kitu kimoja tu kutoka kwake, neno la sifa, hata la kupitia dirishani, na hakulipata.

Jumatatu asubuhi mambo yakaenda mrama. Kwa ajili ya harusi hiyo Fundi alikuwa ameazima kamera mpya, na kumbe picha zake hazifunguki kwenye programu yake ya kuhariria. Zilitaka toleo jipya. Akalishusha toleo jipya, nalo likamtazama na kumwambia kwa maandishi mekundu kwamba kompyuta hii imepitwa na wakati. Fundi alilichukulia kama tusi la kifamilia. Akazunguka mitandaoni mpaka akampata mtu mmoja mwenye shida kama yake, aliyeeleza faili gani ifunguliwe na namba gani ibadilishwe ili programu isijue umri wa mashine. Yaani ni kudanganya umri, kama mzazi anayetaka mtoto aanze shule kabla ya wakati. Fundi akadanganya, na programu ikaingia.

Ikafunguka vizuri, vitufe vyote vikiwaka, isipokuwa lile dirisha la kuonyeshea picha. Lilikuwa jeusi tititi. Sauti zilisikika, vifijo, hotuba, viti vikikokotwa, lakini picha hakuna.

Mkewe akachungulia. "Mke mwenzangu kafumba macho," akasema. "Umemvalisha nguo za wasichana, kaona aibu."

"Niache nifanye kazi."

"Fanya, baba. Mimi nakwenda kumtafutia mama mkoba mzito."

Fundi akaamua kuhariri kwa masikio. Alivaa vipokea sauti, akakata penye kimya na kuunga penye vicheko. Akitaka kuona alichofanya, ilibidi aitoe video kipande kipande na kusubiri. Akianika nguo, akirudi, kipande kiko tayari. Kuirusha sauti mbele hakuweza, maana programu ilizimika papo hapo. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alisikiliza harusi yote bila kuruka kitu, pamoja na mjomba aliyekuwa akiulizia choo wakati maharusi wanavishana pete.

Alhamisi akafika kwenye hotuba ya mama mkwe. Siku ile alikuwa amembandika mama maiki ndogo kifuani ili asikike vizuri. Kwa kuwa sasa haoni hotuba imeishia wapi, aliiacha sauti iendelee. Akasikia makofi, kisha hatua, kisha mlango ukifungwa. Mama mkwe alikuwa ameingia chumbani na dada yake mkubwa, na kifuani bado ana maiki.

"Unalia nini, siku ya furaha?" dada yake aliuliza.

"Huyu ndiye wa mwisho. Kesho nyumba hii itakuwa na mimi na saa ya ukutani."

"Si una wakwe, watakuja."

"Wananiogopa wote. Wanakuja, wanaamkia, wanaondoka. Anayenijibu ni Fundi peke yake. Yule kijana nampenda kama niliyemzaa."

"Mbona humwambii?"

"Nikimsifu, atakuwa na sababu gani ya kuja kubishana na mimi?"

Fundi akavua vipokea sauti. Alifurahi mpaka akasimama, akakaa, akasimama tena. Halafu shetani mdogo akamjia. Maneno hayo yakiwekwa kwenye video, mbele ya ukoo uleule uliomcheka, mkoba angeushika mtu mwingine. Akaisikiliza sehemu ile tena ili auone ushindi wake vizuri, na safari hii alichosikia zaidi ni kile kilio. Akaikata. Mkewe alipouliza kwa nini macho yamekuwa mekundu, akasema ni vumbi la feni.

Jumapili sebule ilijaa. Video ilikwenda bila kukwama hata mara moja. Ila kwa kuwa ilihaririwa kwa masikio, keki ilikatwa kwa vifijo vikubwa huku kwenye kioo cha televisheni ukionekana mgongo wa binamu. Mama mkwe aliisema keki, akalisema zulia, akasema amenenepeshwa makusudi. Fundi akamjibu kila neno, watu wakacheka.

Kisha mama akajiona kwenye kioo akimaliza hotuba. Akajiona akishikana mkono na dada yake na kuingia ndani, na maiki kifuani ikiwaka taa yake ndogo ya kijani. Video ikaendelea, naye hakukosoa tena kitu.

"Fundi," akasema ilipokwisha, "njoo jikoni unisogezee meza."

Jikoni hakuna meza iliyotaka kusogezwa. Mama alichukua kikombe kikavu, akaanza kukifuta.

"Kile kidude ulichonibandika kifuani. Nilikivua saa ngapi?"

"Nilikivua mimi, mama. Wageni walipokuwa wanaaga."

"Kwa hiyo muda wote kilikuwa kinasikia."

Miaka yote Fundi alikuwa akiisubiri siku mama huyu atakapoishiwa maneno. Sasa imefika, na hakuipenda hata kidogo. Mama aliendelea kukifuta kikombe kilekile kikavu.

"Kilisikia, mama," akasema. "Lakini si unaijua kompyuta yangu. Kizee kile. Sauti nyingine haizipati kabisa."

"Haizipati?"

"Hata moja."

Mama alimtazama usoni. Hakuwa mjinga, na alijua kwamba Fundi naye si mjinga. Akakirudisha kikombe kabatini.

"Basi usinunue nyingine," akasema. "Na kesho uje. Ile video yako ina makosa mengi."

"Haina kosa hata moja, mama," Fundi akajibu, na akamsikia akivuta pumzi ya kumbishia.