Bi Platini Hajui Kuaga Wageni

Usiku wa jana niliota napiga hodi kwenye nyumba ndogo kuliko vumbi. Sikushangaa, nilikuwa na shida zangu. Leo watu wa zahanati wanakuja kuona kama seli yangu ya haidrojeni, kifaa cha kuzalisha umeme nilichokiunda, inaweza kuendesha jokofu la chanjo, na kila nikiiwasha, umeme unafifia kabla chai haijapoa.

Mwenye nyumba ni Bi Platini, ile metali iliyo ndani ya seli yangu, mama mnene anayeng'aa, mwenye mikono isiyo na idadi. Sebule imejaa wageni wa Oksijeni. Walikuja mapacha, kila Kulwa na Doto wake. Yeye akawapokea, akawatenganisha vizuri. Tatizo, yeye hawaachilii waende.

"Shikamoo, Bi Platini. Mbona wageni hawaondoki?"

"Marahaba, mwanangu. Kila wakiaga, nawashika mkono."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikamwambia.

"Jembe tunalo," akasema Doto mmoja. "Ruhusa ndiyo hatuna."

Nje foleni ya wageni wapya imefika barabarani. Taa ya sebuleni inazidi kufifia. Nageuka, na nyumba imekuwa ya Bi Dhahabu. Anachungulia dirishani.

"Sipokei mtu," anasema, anafunga.

Narudi kwa Bi Platini nimekata tamaa. Chini ya mkeka mtu anakohoa. Ni Nikeli.

"Niweke chini ya sakafu yake," anasema. "Nikimvuta miguu, mikono italegea."

"Nilidhani asidi ya seli inakuozesha upesi."

"Naoza nikikaa nje. Yeye akae juu, mimi chini. Mbona hujawahi kuniuliza?"

Nikamweka. Akavuta. Bi Platini akapiga yowe, mikono ikalegea, na kwa mara ya kwanza akawasindikiza wageni wake hadi langoni. Hapo mabinti wa Haidrojeni wakawapokea, wawili kwa kila mgeni, na wote wakageuka maji, yakanimwagikia miguuni. Taa ikawaka nyumba nzima. Nilifurahi mpaka nikalia.

Nilipoamka, ndala zangu zilikuwa zimelowa. Mvua haikunyesha. Nikachovya kidole, nikaonja.

"Mama Swaumu, unaonja ndala?" akauliza mume wangu.

"Onja na wewe."

Maji ya kisima chetu yana chumvi ya kukausha koo, wala hatuna mengine. Mume wangu akaonja, akaonja tena.

"Haya hayana chumvi," akasema.

Nikazivaa ndala hivyo hivyo, nikaenda maabara kutafuta nikeli.