Bomba Juu ya Kioo

Cheche alikuwa amefura kwa hasira tangu asubuhi, na aliyemfurisha ni baba yake mzazi. Jina hilo la Cheche alibandikwa na wenzake kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, kwa sababu ya cheche za kazi na za ulimi. Mzee alikuwa ametoa sharti: pikipiki yake kuukuu ya mashindano ya kupanda mawe itabaki nyumbani iwapo binti atalipanda nayo jiwe kubwa la nyuma ya nyumba bila kutia mguu chini. Akishindwa, mnunuzi anakuja alasiri kuichukua.

Na kila alipojaribu, alishindwa. Tairi la mbele likigusa jiwe, shokapu za mbele, zinazomeza mishtuko, zinakakamaa, usukani unamjia kifuani, mguu huo chini. Alibadilisha springi. Akamwaga oili nzito, akatia nyepesi. Akasugua vyuma mpaka vidole vikachubuka. Wapi! Shokapu zilizama kwa kinyongo na kurudi kwa kinyongo.

Mzee, aliyefungwa bendeji gotini tangu alipoteleza bafuni mwezi uliopita, alikaa kibarazani akimtia binti chumvi kwenye kidonda. Shokapu ni nzima, alisema, mbona yeye alishinda nazo? Mikono ya binti ndiyo mizito, imezoea nyundo. Cheche aliumia, maana alishaanza kuamini.

Lakini mwezi uliopita, kabla hajasafiri kwenda kuchomelea mageti ya watu, shokapu hizi zilikuwa laini. Akayachomoa mabomba mawili ya chuma ya shokapu hizo, akaingia nayo sebuleni. Mama alilalamika kwamba oili haitoki kwenye vitambaa, lakini vitambaa vilishakwenda pembeni na bomba la kwanza limelala juu ya kioo cha meza. Akalisukuma kwa kiganja. Bomba lililonyooka hubiringika kimya. Hili lilikwenda likirukaruka, na chini yake mwanga ukapenya. La pili vilevile. Uzee haupindi chuma namna hiyo. Pikipiki ilikuwa imegonga kitu uso kwa uso.

Akamuuliza mama ni siku gani hasa mzee aliteleza bafuni. Mama akaanza kukunja vitambaa vyake. Bafuni hakuteleza mtu, alisema mwishowe. Aliambiwa anyamaze, akanyamaza.

Cheche akatoka na mabomba mkononi.

"Baba, bafuni kuna jiwe?"

Mzee alitazama goti lake. Akanung'unika kwamba pikipiki ni yake na mtu hahojiwi kwa mali yake. Kwa Cheche kuanguka si kitu, mzee angeanguka hata mara kumi. Kilichomchoma ni kwamba alimwacha aichukie mikono yake mwenyewe.

"Njoo upige jeki," alisema. "Wewe, si mimi."

Wakalibana bomba kwenye fremu ya chuma uani, na mzee akapampu jeki ya kulinyoosha huku jasho likimtoka. Kila mara Cheche alilirudisha mezani kulijaribu. Mama hakusema tena habari za vitambaa. Mabomba yote mawili yalipobiringika kimya, Cheche akayarudisha mahali pake, akawasha pikipiki, akalikabili jiwe. Shokapu zikazama, zikamwinua, akafika juu na miguu yote ikiwa kwenye vikanyagio.

Getini honi ya mnunuzi ilikuwa ikilia.

"Mikono imetulia," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Ni ile ile, Baba. Nenda kamwambie mgeni haiuzwi. Na umwambie mabomba yalipinda vipi."

Mzee akaishika fimbo yake, akaenda getini akichechemea.