Magadi Kwenye Krimu

Mimi sipendi kuomba ruhusa nyumbani kwangu. Ndiyo maana Jumatano, ng'ombe wetu Shiru alipofunga choo siku ya pili, sikungoja mtu. Niliingia chumba anachofanyia kazi Wangechi, mke wa mwanangu, nikachukua chumvi yake yote ya Epsom, nikaikoroga kwa maji vuguvugu, nikamnywesha ng'ombe. Hapa Dundori nani hajui dawa hiyo? Kufikia jioni Shiru alikuwa mzima.

Tatizo lilikuwa mkebe mtupu. Wangechi hutengeneza krimu ya ngozi, na chumvi hiyo, kijiko kidogo tu, ndiyo hushika maji na mafuta yasiachane. Nikajiambia chumvi ni chumvi. Nikasaga magadi ya kupikia githeri, nikajaza mkebe. Mficha uchi hazai, husema watu, lakini mimi nimeshazaa sita na bado naficha.

Jumamosi akaja mteja wake wa Milimani, Sue, amebeba mtoto. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu, yamechubuka kwa upele.

"Ile ya mwisho ilimsaidia sana," Sue akasema. "Hii ni fresh?"

"Ni ya jana. Lakini huwa naanza na mimi," Wangechi akajibu, akajipaka ndani ya mkono. "Tungoje kidogo."

Nilikuwa namenya viazi mlangoni. Nikaacha. Najua magadi yanavyofanya mikono yangu nikisahau kunawa: huwasha, kisha ngozi hupasuka. Mtoto akaanza kulia na kujikuna.

"Siwezi kungoja, jana hakulala," Sue akasema, akachota krimu kwa kidole.

Kidole kilikuwa karibu na shavu.

"Usimpake," nikasema. "Nilitia magadi kwa ule mkebe wa chumvi."

Sue alifuta kidole kwa leso, akamfunika mtoto, akaenda bila kuaga. Wangechi alikuwa ameshaanza kujikuna. Akauosha mkono kwenye karai, muda mrefu, bila kunitazama. Nilingoja anitukane, maana ningemjibu, na ulimi wangu si wa kuazima.

Hakunitukana. Alishuka dukani, akarudi na kufuli, akalitia kwenye mlango wa kile chumba. Miaka sita ameolewa hapa, hajawahi kunifungia mlango.

"Mum," akasema kwa heshima ile ile ya siku zote, "ukihitaji kitu utaniambia nikufungulie."