Pai kwa Waliolipua Paa

Arvilla Stutz alinunua jina. Alikuja kusema hivyo mwenyewe baadaye, na mumewe Delmar hakumbishia, maana siku ile walikuwa wote wawili kwa muuzaji. Karavani yao ya kwanza ya Heronwood waliikokota nyuma ya pikapu miaka na miaka, ikawafikisha kila walikotaka, wala haikuwahi kudondosha tone la maji ndani. Ilipochoka, waliuza nyumba yao ya Kokomo ili wahamie moja kwa moja kwenye karavani mpya, waishi humo, wafuate jua. Walipomwona yule ndege korongo wa buluu, nembo ya kiwanda, amechorwa ubavuni, vilevile kama wa zamani, wakasaini. Hawakupanda kutazama paa, hawakuinama kuchungulia chini. Mtu uliyemzoea humkagui, na wao Heronwood walikuwa wameizoea.

Kumbe Heronwood ilikwisha kuuzwa. Familia ya mzee Graber, walioianzisha, walistaafu wakaiachia kampuni moja kubwa ya mbali iliyokuwa ikizoa viwanda vya karavani kama mtu anayeokota mayai bandani. Wenye mali wapya walimpenda sana yule korongo wakambakisha. Mengine yote waliyapunguza.

Mvua za kwanza zilipopiga, doa la kahawia likatokea kwenye kona juu ya kitanda. Kufikia Septemba ukuta ulikuwa umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, na nyuma yake kuvu nyeusi. Mtu mwingine angeziba pua akaendelea na maisha yake. Delmar hakuweza, kwa sababu mapafu yake yalikwisha kuliwa na vumbi la ghala la mahindi alikofanya kazi ujana wake wote. Alikohoa mpaka akawa anashika meza. Daktari hakuzunguka: mzee huyu asiendelee kulala humo.

Ndipo Rochelle, binti yao, alipopiga simu kutoka Fort Wayne.

"Mama, nimempatia baba kitanda kwenye nyumba ya wazee. Jumamosi nakuja kumchukua."

"Na mimi?"

"Wewe utalala kwangu, kwenye kochi. Mama, usinitie lawamani. Mnataka afe humo ndani?"

Arvilla hakumtia lawamani. Alikata simu akaenda kusimama nje, mikono kwenye aproni, akiwaza kwamba tangu waoane hajawahi kupanga maisha ambayo Delmar hayumo.

Kampuni ilikuwa imempiga danadana kiangazi kizima. Akipiga simu, muziki. Muziki ukiisha, kijana mwenye adabu nyingi anamwomba picha alizokwisha kutuma. Kijana anamwelekeza kwa muuzaji, muuzaji anasema foleni yake ni mpaka majira ya kuchipua, halafu anamrudisha kwa kijana. Zamani haikuwa hivyo. Zamani Heronwood ilikuwa na uwanja nyuma ya kiwanda. Ukiharibikiwa unakuja na karavani yako, unaegesha bure, na wale wale walioiunda wanatoka na nyundo zao wakati wa mapumziko kukuuliza, "Haya, anaumwa wapi?" Mzee Graber mwenyewe aliwakaangia wageni chapati za maji asubuhi, na nyingine aliziunguza.

"Delmar, panda garini," Arvilla alisema Jumanne asubuhi. "Tunaikokota karavani mpaka kiwandani."

"Tukafanye nini?"

"Tukalie langoni, ikibidi."

Na kweli alilia langoni. Uwanja ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, majani yamefika magotini, na mlinzi alimwambia kwa upole kwamba hapa siku hizi hawatengenezi, wanaunda tu. Arvilla alisimama pale akafuta machozi kwa kiganja. Delmar alikuwa akikohoa ndani ya pikapu.

Adhuhuri haijafika, milango ikafunguka na wafanyakazi wakamwagika nje mbio, wengine kwenye baiskeli, wamevaa suruali za mikanda ya begani na kofia za majani. Kule mtu hulipwa kwa karavani iliyotoka. Idadi ya siku ikitimia, unakwenda nyumbani kwa ng'ombe wako, hata kama jua halijapanda vizuri. Desturi hiyo ilikuwepo tangu enzi za Graber. Kilichoongezeka ni idadi.

Kijana mmoja Mwamishi, wa lile dhehebu la Kikristo la wakulima wasiomiliki magari, jina lake Devon Lambright, alisimamisha baiskeli.

"Mama, pole. Kuna nini?"

Arvilla akamweleza. Devon alimtazama yule korongo ubavuni, kisha akainamisha macho.

"Nenda kwa Freeman Bontrager. Shika barabara hii, utaona banda jeupe lenye karavani nyingi mbele kuliko ng'ombe. Alikuwa msimamizi wetu."

Freeman alikuwa mtu wa ndevu nyeupe na maneno machache. Aliacha kazi siku wenye mali wapya walipoondoa chumba cha mvua, mahali ambapo kila karavani ilimwagiwa maji kabla ya kuuzwa. Alibonyeza ukuta wa Arvilla, kidole kikazama.

"Peke yangu ni wiki mbili," alisema. "Na mbele yako kuna wengine."

"Jumamosi wanamchukua mume wangu."

Freeman aligeuka kumtazama Delmar, aliyeshika mlango wa pikapu akivuta pumzi kwa taabu. Kisha akamwita mkewe, "Orpha! Yale matufaha ya pai yatoshe kwa watu wengi," akachukua kofia yake akatoka kwenda kwa majirani.

Usiku ule wazee walilala ndani kwa Orpha, na kesho yake alasiri wakaja watu, mmoja mmoja, na mikanda ya vifaa kiunoni. Waliwasalimu wazee, wakavua viatu, wakaanza kung'oa ukuta. Arvilla alikuwa akibubujika shukrani mpaka alipomwona Devon kati yao, akamtambua na mwingine aliyemwona pale langoni. Furaha ikamkauka.

"Freeman, hawa si wale wa kiwandani?"

"Ndio hao."

"Hawa hawa walioiunda nyumba yangu kwa kulipua, ndio unaniletea?"

Devon aliweka bisibisi chini.

"Kona za paa ni zangu, mama," alisema. "Asubuhi nzima ni kona tu. Naweka gundi, kabla sijaigusa kwa kidole karavani imeshasogezwa na nyingine inafika. Nikichelewa, wote nyuma yangu wanachelewa, nao wana watoto. Nakwenda nayo bora liende. Ukitaka niondoke, nitaondoka."

Delmar akadakia kutoka kitini, "Aondoke aende wapi? Mwache apande juu! Mimi nina hamu ya kuiona kona moja iliyomalizwa."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Arvilla hakucheka. Aliingia jikoni kwa Orpha, akachukua kisu, akamenya tufaha kwa hasira mpaka ganda likawa nene kuliko nyama.

Lakini jikoni mle kulikuwa na dirisha. Alimwona Devon amepiga magoti juu ya paa, akikwangua gundi ya zamani, akifuta, akingoja ikauke, akifuta tena. Alipopaka mpya, alipitisha kidole taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Alirudi pale pale alasiri ya pili. Ya tatu akaja na mdogo wake kubeba mbao. Watu hawa walikuwa wameamka gizani, wamekimbizwa asubuhi nzima, na sasa hakuna aliyewakimbiza wala aliyekuwa na haraka. Hasira ya Arvilla ilimtoka bila yeye kujua imepitia wapi. Maganda yakaanza kuwa membamba.

Ijumaa jioni Freeman alishika mpira wa maji akapanda ngazi. Wengine wote waliingia ndani na soksi zao, wakabanana kwenye godoro jipya alilotoa Orpha, nyuso juu, wakaitazama kona. Maji yakanguruma juu ya paa. Yaliendelea mpaka Delmar akasema huyo Freeman atakausha kisima. Kona ilikuwa kavu. Arvilla akamshika Devon mkono ule wenye gundi, akaung'ang'ania mbele ya watu bila kuona haya. Walikataa malipo isipokuwa gharama ya mbao. Pai hawakuzikataa hata kidogo.

Rochelle alifika kwa Freeman Jumamosi na sanduku tupu la kumpakilia baba yake. Alimkuta ameketi mlangoni mwa karavani akinyoa ndevu.

"Baba, mbona hukohoi?"

"Nakohoa. Nimepumzika tu kidogo."

Aliingia ndani. Akabonyeza ukuta, kwanza kwa kidole, kisha kwa kiganja kizima. Akapanda kitandani na viatu vyake, akasogeza pua mpaka kwenye kona, akanusa kwa muda mrefu.

"Nani amefanya kazi hii?"

"Walioiunda," Arvilla alisema. "Safari hii walipewa nafasi ya kuimaliza."

Rochelle alikaa kitandani akainamisha kichwa. Mabega yalipoacha kutikisika, alitoka nje, akasimama kando ya uzio wa farasi akapiga simu kwenye nyumba ya wazee. Arvilla alimsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, kwamba kile kitanda wampe mtu mwingine.