Kifundo Kilekile

Shemeji aliingia karakana ya seremala mabega juu. Ubao wa urembo ndani ya mlango mmoja wa gari lake haufanani na wenzake, alisema. Fundi uchwara fulani alimbandikia takataka.

Seremala akakagua milango yote. Mitatu ilikuwa na kifundo kilekile cha mti, palepale, kama mhuri wa ofisi.

"Wa mbao halisi ni huu mmoja tu, shemeji. Mingine ni plastiki iliyochapwa."

"Wewe umezoea vitanda vyako. Weka unaofanana."

Seremala hakubishana na kichwa kile. Akaubandua ubao, akapachika plastiki ya gari bovu la aina ileile, yenye kifundo kilekile. Shemeji akaondoka ameridhika.

Ule ubao sasa ni kishikio cha mlango wa choo cha seremala. Kila akija, shemeji huupapasa na kuuliza mbao nzuri hivi ilitoka wapi.